Mafuta ya Buate na Mafuta ya Ponti

Siye tuliokulia Bunia katika parsele, viwanja vya nyumba zetu, zenye kamio, yaani lori, mafuta tulianza kuyajua kwa pua kabla hatujajua kusoma. Kulikuwa na harufu ya mawese jikoni, harufu ya petroli ya taa, harufu ya mazutu, ile dizeli, kwenye suruali ya Papa, na juu ya zote ile harufu nzito ya mafuta ya gia, ambayo ukiyashika asubuhi, bugali wa jioni unaula nayo. Wenzangu wa umri wangu wakisoma hapa wataguna, maana wanajua ninachosema. Watoto wa leo wakipanda gari wanauliza kwanza kama lina mahali pa kuchajia simu. Siye tulikuwa tunauliza kama litafika.

Kamio ya Papa ilikuwa ya kijani, yenye pua ndefu, na hata wakati ule watu waliiita ya zamani. Aliinunua Mahagi, kwao, kwa mfanyabiashara aliyeichoka, akaileta nyumbani kwa gia ya pili njia nzima. Siku za soko la Bule alibeba viazi na kabichi. Siku nyingine alishuka Tchomia, kule ziwani, akapanda na samaki. Siku ya Tchomia wasichana tulimngoja tukicheza nzango barabarani, tunaruka, tunapiga makofi, tunarusha miguu mpaka vumbi linatufunika nusu, na anayeshindwa anachekwa mpaka jua lizame. Mara nasikia gia ikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili pale kwenye kona, naacha mchezo hata kama ninashinda. Sikuhitaji kuona, kila kamio ilikuwa na sauti yake na ile ilikuwa yetu. Jioni hiyo tulikula samaki wabichi na sombe, kisamvu chetu, Papa akigawa vichwa kwa mkono wake mwenyewe, na aliyepata alama mbaya kwenye masomo alipewa mkia.

Papa alikuwa shofere, lakini jina alilipata kwa mafuta. Niwaeleze vizuri, maana wengi wenu mlikuwa mnakaa juu ya magunia tu, chini ya gari hamkuingia. Kamio ya zamani inakunywa mafuta mazito mahali pawili. Kuna buate, lile sanduku la gia lililo karibu na miguu ya shofere, na kuna ponti, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Watu wengi walitia mafuta yale yale pande zote mbili, wakapangusa mikono, wakaona kazi imekwisha. Jambo hilo lilimkasirisha Papa kupita matusi. Ndani ya ponti, alisema, meno yanavuta mzigo wote huku yanatelezeana, kwa hiyo yanataka mafuta yenye dawa kali, yale yanayonuka kama mayai yaliyooza. Lakini ndani ya buate kuna pete za shaba, ndizo zinazoisaidia gia kuingia bila kupiga kelele, na ile dawa kali inaila shaba polepole mpaka inaimaliza. "Buate inataka mafuta ya upole, ponti inataka mafuta ya ukali," alitukaririsha mezani. Mtoto wa nyumba yetu angeweza kuruka amri moja ya Mungu kwenye katekisimu, lakini hiyo hakuiruka.

Shida ni kwamba mafuta yenyewe yalikuja kwa mapipa yasiyo na jina, yamevuka mpaka, yamemiminwa kutoka pipa hili kwenda lile mpaka hakuna anayejua ni nini. Basi Papa alikuwa na namna yake. Kwanza alinusa. Kisha alisugua tone moja kati ya vidole viwili, macho amefumba. Halafu ndiyo inakuja shaba. Alikuwa na kipande cha shaba nyekundu, kipana kama kidole, anakipiga msasa mpaka king'ae, anakifunga uzi, anakizamisha ndani ya kopo la mafuta yale, na kopo analiweka kwenye majivu ya moto kando ya mafiga ya Mama. Siku tatu. Siku ya tatu anavuta uzi. Shaba ikitoka nyeusi, mafuta yanakwenda kwenye ponti. Ikitoka safi, yanakwenda kwenye buate. Mashofere walileta vikopo vyao kutoka mbali, wengine kutoka Mahagi, wakakaa kwenye kibao mbele ya jiko letu wakingoja uzi uvutwe, wanaume wakubwa, kimya, utafikiri ni watoto wanaongoja kusomewa alama.

Mama hakupenda. Moto ni wa kupikia, alisema, si wa garaji. Lakini ndiye aliyechunga majivu yasipoe, na Papa akiwa safarini yeye ndiye aliyejua kopo la nani liliingia siku gani. Hakuna aliyemshukuru kwa hilo. Hata mimi sikumshukuru.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusugua. Nani wa umri wangu hakumbuki? Unakaa kwenye kigoda, majivu mbele yako, nusu ya ndimu mkononi, na sufuria zote za nyumba zimepangwa zinakungoja. Mama alipitisha kidole ndani na nje, na kidole kikitoka cheusi unaanza upya. Hakupiga. Alisema tu: "Batu bataona hii sufuria, na jina bataitaja ni yangu." Hiyo iliuma kuliko fimbo. Leo nyumbani kwangu kuna sabuni ya maji ya rangi tatu na sifongo zenye pande mbili, na sufuria zinalala kwenye beseni mpaka kesho yake. Ukiuliza, unaambiwa zinalowekwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa sokoni, Papa alikuwa Tchomia. Nilimaliza sufuria, nikamaliza vifuniko, nikamaliza mwiko wa chuma, na bado nilikuwa na majivu, na ndimu, na hamu ya kusifiwa. Nikaona nisafishe mafiga pia. Katika kusogeza kopo la Papa uzi ukaning'inia, nikauvuta. Shaba ilitoka nyeusi tititi, mbaya, ya aibu. Nawaambia ukweli, ule wimbo wa upole na ukali niliujua wote, lakini haukupita kichwani hata kidogo. Mikono yangu ilijua jambo moja tu, kwamba kitu cheusi siku ya Jumamosi kinasuguliwa. Nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakipangusa kwa kitambaa, nikakirudisha ndani ya kopo taratibu na uzi mahali pake. Nilijisikia mtoto mwema sana.

Papa alirudi alasiri ile ile. Ilikuwa siku ya tatu, na mashofere wawili waliogawana naye pipa lile walikuwa tayari kwenye kibao. Alinusa kopo, akakunja uso, akasema pua yake inasikia dawa kwa mbali. Kisha akavuta uzi. Shaba ilitoka inang'aa. Papa alicheka, yeye aliyekuwa mtu wa kucheka kwa mwezi mara moja, akasema pua yake imezeeka, mafuta ya upole namna hii hajapata kuyaona. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, vidole vyangu vinanuka ndimu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini wakubwa walikuwa wanaongea, na enzi zetu mtoto hakukata maneno ya wakubwa. Na zaidi ya heshima kulikuwa na woga, nisijipambe. Nikajiambia nitasema wageni wakiondoka. Walipoondoka, Papa alikuwa tayari chini ya kamio anamimina. Nikajiambia kesho. Kesho yake ilikuwa Jumapili, alikuwa na furaha, nikaona haya kumharibia misa. Jumatatu alikuwa njiani kwenda Bule.

Ilichukua miezi. Gia ilianza kulia kwenye ule mteremko wa kushukia ziwani, kwanza ya tatu, kisha ya pili, na mimi niliyekuwa natambua kamio yetu kwa sauti nikawa naisikia inaumwa kutoka mbali. Kila ilipopiga kelele kwenye kona niliacha kuruka, wenzangu wakadhani naogopa kushindwa. Mwishowe gia zikakataa kuingia. Waliifungua buate kwenye parsele yetu, mchana, watu wamejaa. Mafuta yalitoka yakimetameta njano. Kulikuwa na vijana waliotoka kuchimba dhahabu Mongbwalu, wakaanza kusema Papa Mado, ndivyo walivyomwita kwa jina langu, amepata mgodi wake mwenyewe, asiende mbali tena. Watu wote walicheka. Papa alichovya kidole, akakitazama juani, hakucheka. Pete za shaba zilikuwa zimebaki nyembamba, nyingine hazina meno tena.

Wiki hiyo hiyo wakaja wale mashofere wawili. Na wao buate zao zimekufa. Hawakumtukana, walimwamkia, wakanywa chai, wakaenda. Nadhani wangemtukana angepona haraka.

Pete za kamio ya zamani namna ile hazikupatikana Bunia, wala ng'ambo ya mpaka. Kamio ikawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na Papa akaenda kuendesha magari ya watu wengine mpaka nguvu zilipomwisha. Kopo halikuwekwa tena jikoni. Mtu akimwuliza habari ya mafuta, alitazama pembeni, akasema aulizwe anayeuza. Baba yangu alikuwa mtu wa kuamua, na nilimwona kwa macho yangu akigeuka mtu wa kuomba ruhusa, hata kwenye vitu vidogo, hata wapi pa kupanda migomba. Nakumbuka pia kwamba baada ya ile siku ya kufungua buate, yeye na Mama hawakuongea juma zima. Chakula chake nilipeleka mimi. Sikujua wamegombania nini, na sikuthubutu kuuliza.

Miaka ikaenda. Vita vilikuja, tukakimbia, tukarudi. Kamio nzima nzima zilichukuliwa, yetu ilibaki kwa sababu haikuweza kwenda popote. Binti yangu Afoyo anasema basi ilikuwa bahati. Nilimwambia asirudie neno hilo mbele ya babu yake. Mama alitutoka miaka miwili iliyopita.

Huyu Afoyo nilidhani atakuwa mwalimu, akawa mekanisiye, fundi wa magari. Ana kucha nyeusi, ana simu mkononi saa zote, kila gari linalomshinda analipiga picha na kuuliza watu ambao hajawahi kuwaona. Mwaka huu alijitia kichwani kwamba kamio ya koko yake, yaani babu yake, lazima itembee tena, koko akiwa hai. Alitafuta buate kila mahali, akaja kuipata kwenye vyuma vya zamani upande wa Mahagi, pete zake bado nzima. Moja hiyo hiyo. Ikiharibika, hakuna ya pili, na Papa ana miaka themanini na kitu.

Ikabaki mafuta. Siku hizi hakuna mapipa bila jina, kuna bidoni nzuri, madumu ya plastiki, zimeandikwa herufi na namba, jeli katre na jeli senki, yaani GL ya nne na GL ya tano. Muuzaji alimwambia Afoyo achukue senki, ndiyo ya kisasa, namba yake ni kubwa, inaenda kila mahali. Mtoto akakataa, na hapo nilimpenda. Simu yake ilimwambia katre kwa buate ya zamani, senki kwa ponti, maana senki inakula shaba. Yaani ule wimbo wa mezani kwetu, ila bila mayai yaliyooza. Akanunua bidoni moja ya kila namna. Lakini Bunia tunajuana. Bidoni inaweza kuwa na jina la katre juu, na chini imejazwa kitu kingine, kifuniko kimerudishwa vizuri kabisa, na simu haiwezi kunusa. Akaenda kumwuliza koko yake, anayekaa chumba cha nyuma kwangu.

Alirudi amenyong'onyea. "Koko anakataa," aliniambia. "Anasema yeye aliua makamio tatu. Anasema aliona shaba safi na macho yake, na mupaka leo hajui macho ilimudanganya namna gani." Kisha Afoyo akasema basi, kesho atamimina tu, Mungu yupo.

Sikuwahi kumsikia Papa akisema hivyo juu ya macho yake. Zaidi ya miaka arobaini nilijifariji kwamba amesahau, kwamba mtu mzima hawezi kubeba kipande cha shaba maisha yote. Kumbe alikuwa amekibeba. Na asubuhi mtoto wangu alikuwa anakwenda kumimina kitu asichokijua ndani ya buate ya mwisho, kwa sababu mtu pekee wa kumsaidia alikuwa haamini macho yake mwenyewe.

Nilimpelekea Papa chai mapema, nikakaa.

"Papa, ile shaba haikutoka safi," nilisema. "Ni miye niliisugua."

Alikaa na kikombe mkononi.

"Na nini?" aliuliza.

"Na majivu na ndimu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kusugua."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja hasira. Ningeifurahia, ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini alikuwa anatazama ukutani, pale penye picha ya Mama.

"Mama yako aliniambia," alisema. "Ile siku tulifungua buate. Alisema, ile shaba kuna mutu aliigusa, shaba ya siku tatu haiwezi kungaa vile. Miye niliona anataka kunituliza tu. Nilimujibu kama maneno ya mafuta haiko ya banamuke, anyamaze. Akanyamaza." Aliweka kikombe chini. "Alinyamaza kabisa, Mado. Mupaka siku anakufa hakuongea tena na miye maneno ya mafuta."

Mama alipima sufuria kwa kidole. Alijua mkono wa kila binti yake kwa namna ulivyosugua. Sasa naamini siku ile anamwambia alijua ni mkono wa nani. Alimwambia mumewe kuna mtu, na mtu mwenyewe hakumtaja, akakubali kuambiwa hajui kitu. Nami nikampelekea Papa chakula juma zima, nikipita mbele yake na sahani.

Nililia, siwafichi. Papa hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alimwita Afoyo, akamwomba waya ya umeme yenye shaba nene, msasa, na makopo mawili. Mtoto alileta mbio. Ile bidoni nzuri yenye jina la katre, shaba yake ilikuwa nyeusi hata kabla ya siku ya tatu kufika. "Hii ni ya ponti," Papa alisema, bila kumtazama mtu, bila kuomba ruhusa. Waliitia kwenye ponti. Bidoni ya buate walipata ya tatu waliyoijaribu, kwa muuzaji mwingine. Kamio ilitoka kwenye parsele kwa gia ya kwanza, ikaingia ya pili bila kelele, na watu wa umri wangu walitoka milangoni kusikiliza.

Jumapili Papa alitaka tumpeleke makaburini. Alishuka peke yake, akakataa mkono wa Afoyo, akaenda kusimama kwa Mama. Siye tulibaki ndani ya kamio. Alikaa muda mrefu. Tuliona midomo yake ikitembea, na mara moja alinyoosha mkono kuelekea kwetu, anaonyesha kamio, au ananionyesha mimi. Aliporudi alipanda taratibu, akafunga mlango. "Nimemuambia ile siku alisema kweli," alisema, na Afoyo akawasha moteri.

Watu wa rika langu tukikutana tunalaumu watoto wa leo kwamba hawana mdomo wa kufunga, na mimi ndiye niliyekuwa nalaumu kwa sauti kubwa. Afoyo akivunja kitu, kabla hujauliza ameshasema: mama, nimevunja. Anasema mbele ya wageni, mdomo umejaa mkate. Nilikuwa namgombeza kwamba siye tulilelewa. Na kweli tulilelewa, na ile miaka naitamani, vumbi lake, nzango yake, samaki wa jioni, baba anayejulikana mpaka Mahagi. Lakini siye tulifundishwa kunyamaza, na nilikuwa hodari kuliko wote nyumbani. Siku hizi mtoto akinikata maneno namwachia aseme. Papa alipata jibu lake akiwa na chai mkononi. Mama alipelekewa lake na kamio, akiwa hawezi tena kulisikia.